Bampa Mara Moja, Bawaba Mara Mbili

Tok. Tok-tok. Tok.

Sauti hiyo ilianza siku ya tatu baada ya kufunga bampa langu jipya la nyuma, na kwa wiki mbili nzima nilijidanganya kwamba ni jeki iliyolegea. Nikaifunga jeki kwa kamba ya mpira. Tok. Nikaitoa kabisa nikaiacha nyumbani. Tok-tok. Mwishowe nikasimamisha gari kando ya njia, nikazunguka nyuma, nikaushika ule mkono wa chuma unaobeba tairi la spea na kuuinua kwa nguvu. Ukapanda, upana wa kidole hivi. Nikauachia, ukashuka na kugonga palepale: tok.

Kazi ya miezi mitatu ilikuwa inacheza. Ndivyo mafundi wanavyosema chuma kikiwa na nafasi pasipotakiwa kuwa na nafasi: kinacheza. Neno zuri mno kwa jambo baya namna hiyo.

Gari lenyewe ni Land Cruiser 80. Spea yake hukaa chini ya sakafu ya nyuma, imening'inizwa kwa mnyororo, na mpango huo hauna tatizo lolote mpaka siku utakapobadilisha tairi. Nilizolikuta nazo zilikuwa 275/70R16, yaani kipenyo cha milimita 791 hivi. Nilizoweka ni 315/75R16, milimita 879. Huitwa za inchi 35, ingawa ukipiga hesabu unapata 34.6, wauza tairi na wavuvi wana tabia moja ya kupima. Milimita 88 za ziada kwa kipenyo na 40 kwa upana hazikupata pa kukaa kule chini. Hata ningelazimisha, tairi lingening'inia kama tumbo, liwe kitu cha kwanza kubusu jiwe kila ninapopanda kutoka korongoni.

Juu ya paa nilikataa tangu mwanzo. Nililipima tairi na rimu yake ya chuma kwenye mizani ya kujipimia uzito: kilo 44. Kuzipandisha kilo 44 juu ya kichwa changu, peke yangu, miguu ikiwa kwenye tope, ni jambo ambalo huenda ningeliweza mara moja tu maishani. Mlangoni nako hapakufaa, maana gari hili mlango wake wa nyuma umekatwa vipande viwili kwa mlalo, cha juu kinapanda na cha chini kinashuka. Na hata magari yenye mlango wa kufunguka kwa ubavu, bawaba zake zilipimiwa tairi ambalo gari lilizaliwa nalo. Ukizitundikia tairi zito zaidi, zitavumilia kwa muda, kisha mlango utaanza kukataa kufunga.

Basi ikabaki bampa la chuma lenye mkono wa kufunguka, na tairi likae juu ya mkono.

Bampa sitalizungumzia sana kwa sababu, kusema kweli, ni sanduku. Nilianza kwa kadibodi, mkasi na gundi ya karatasi, na hapo nashauri mtu asione haya kupoteza siku nyingi. Nililijenga lote kwa kadibodi, nikalibandika kwenye gari, nikaliacha hapo wiki nzima nikilipita na kulitazama. Siku ya nne ndipo nilipofungua mlango wa chini na kuona kona yake inatua juu ya ukingo wa bampa. Nikapunguza milimita 30 kwa mkasi. Kosa hilohilo kwenye chuma lingenigharimu nusu siku ya grainda na matusi.

Ncha mbili za pembeni nilizikata kwa mshazari kwenda juu ili gari likitoka kwenye shimo lisikwangue ardhi kwa makalio. Bati nilitumia la milimita 5. Kila aliyepita alinishauri niweke la 6, na mimi nusura nikubali, mpaka nilipokaa na kalamu. Chuma kina uzito wa kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mita moja ya mraba ya bati la milimita 5 ni kilo 39, na la milimita 6 ni kilo 47. Kila milimita unayoongeza kwa woga ni karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba, nazo zinakaa nyuma kabisa ya gari, mahali pabaya kuliko pote pa kubebea uzito. Mikunjo niliifanya bila mashine: unachora mstari, unakata mfereji kwa grainda hadi katikati ya unene wa bati, unakunja, kisha unajaza ule mfereji kwa kuchomelea.

Kwenye chasisi sikuchomelea kitu. Ilikuwa na matundu ya bampa la zamani, nikatengeneza pleti mbili za milimita 8 zinazoingia pembeni mwa reli na kufungwa kwa bolti sita za M12, yaani za kipenyo cha milimita 12, kila upande, daraja la 8.8. Namba hizo zina maana yake: 8 ya kwanza ni megapaskali 800 ambazo chuma cha bolti kinahimili kabla ya kukatika, na ya pili ni kwamba kikifika asilimia 80 ya hapo kinaanza kunyooka bila kurudi. Reli ya chasisi, lakini, ni boksi lenye uwazi ndani. Ukikaza bolti inayopita kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, unaliminya boksi kama kopo la maziwa, na kesho yake bolti imelegea ingawa nati haijazunguka. Dawa yake ni kipande cha paipu nene kinachokaa ndani ya reli, bolti ikapita katikati yake, ili nguvu ya kukaza ibebwe na paipu. Kukipenyeza kipande hicho ndani ya chasisi yenye kutu ya miaka thelathini kulinichukua Jumapili nzima, na sitaki kuikumbuka.

Pointi za kuvutia gari likikwama nilizikata kutoka pleti ya milimita 20, zikatoboa uso wa bampa na kuchomelewa mbele na nyuma, tena moja kwa moja kwenye zile pleti za chasisi. Shakeli, yaani pingu ya chuma ya kushikia kamba, ya robo tatu inchi, ile iliyoandikwa tani 4.75, inaingia vizuri. Ile ngumi ya kuvutia trela haifai kazi hii hata kidogo. Imewahi kukatika wakati wa kunasua gari, ikaruka na ile kamba kama jiwe la kombeo, na watu wamekufa.

Sasa turudi kwenye tok-tok.

Bawaba yangu ya kwanza niliijenga kama bawaba ya geti. Kipande cha paipu chenye urefu wa milimita 60, bolti ya milimita 20 ikapita katikati, pleti juu na pleti chini, grisi, kwisha. Geti la nyumbani kwetu limefanya kazi hivyo tangu nikiwa mtoto. Nafasi kati ya bolti na paipu ilikuwa nusu milimita, na nilijisifu kwa hiyo nusu milimita. Niliiona ni usahihi mkubwa kwa mtu anayetumia drili ya mkononi.

Hesabu nilipaswa kuipiga kabla. Niliipiga baadaye. Nusu milimita ndani ya bawaba yenye urefu wa milimita 60, ukiifuata hadi ncha ya mkono wenye urefu wa mita moja, inakuwa zaidi ya milimita 8. Mkono ulikuwa na ruhusa ya kushuka milimita 8 tangu siku ya kwanza, kabla chuma chochote hakijalika. Na kilianza kulika mara moja, kwa sababu chuma laini kikisuguana na chuma laini chini ya mzigo, grisi ni heshima tu. Kwa njia ya mawimbi ya vumbi, ile inayotetemesha meno, nusu milimita ikawa milimita moja ndani ya mwezi, na ncha ya mkono ikashuka karibu milimita 17.

Mzigo wenyewe nao ni zaidi ya unavyoonekana. Tairi la kilo 44 limekaa sentimita 65 kutoka kwenye mhimili. Mkono una kilo 18 na katikati yake ni sentimita 50. Zidisha, jumlisha, unapata 3,760. Gawanya kwa sentimita 6 za urefu wa bawaba: kilo 627 zinausukuma ukingo wa juu wa bawaba upande mmoja, na kilo 627 nyingine ukingo wa chini upande wa pili. Hapo gari limesimama, mkono uko wazi, hakuna hata shimo moja lililogongwa. Nami nilikuwa nimeubebesha mzigo huo bolti ya geti.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilirudia rangi ya mlango mzima wa nyuma, kwa sababu tairi lililokuwa likiruka lilikuwa limesugua bati hadi likaacha mbonyeo wenye umbo la robo ya mwezi.

Nilipompelekea mzee mmoja fundi kereza ile bawaba iliyolika, aliigeuza mara mbili mkononi.

"Kijana, hii ni ya nini?"

"Ya kubeba tairi la spea, mzee. Nyuma ya gari."

"Umetundika ndoo ya maji kwenye msumari uliopigiliwa nusu." Akanirudishia. "Tafuta stabu ya trela. Uje nayo, na habu yake."

Kumbe jibu lilikuwa kwenye rundo la vyuma chakavu muda wote. Stabu, yaani ekseli fupi ya gurudumu moja, pamoja na habu, kitovu cha gurudumu kinachozunguka juu yake, ya trela ndogo imetengenezwa kubeba mamia ya kilo barabarani huku ikizunguka, mwaka baada ya mwaka. Ndani yake kuna beringi mbili za rola za mshazari, zinazotazamana, na huo mshazari ndio siri yake: ukiikaza nati, rola zinaingia ndani ya vikombe vyake na nafasi yote inakwisha, ya juu-chini na ya ubavuni kwa pamoja. Bushi ya kawaida huwezi kuikaza, ikilika imelika. Beringi ya mshazari ikilika kidogo, unaisogeza nati robo ya mzunguko na maisha yanaendelea.

Jambo moja hapa nilikaribia kulikosea kwa sababu nimefunga beringi nyingi za magurudumu. Kwenye gurudumu unakaza nati huku ukizungusha habu, kisha unairudisha nyuma kidogo, maana beringi inayokimbia inapata joto na kutanuka, ikikosa nafasi itaungua. Mkono wa spea haukimbii kokote. Unafunguka mara mbili kwa siku, robo ya mzunguko, halafu unalala. Kwa hiyo hakuna haja ya kuirudisha nati nyuma. Niliikaza hadi mkono ukawa mzito kidogo kuusukuma kwa kidole kimoja, nikapitisha pini ya kukunja, nikafunga kifuniko cha vumbi.

Beringi hizo mbili zimeachana sentimita 9. Ile 3,760 ukiigawa kwa 9 unapata kilo 418 badala ya 627, na sasa zinabebwa na chuma kilichokomazwa kwa kazi hiyo.

Beringi nzuri hazikusaidii ikiwa stabu imesimama juu ya bati la milimita 5 tu, maana bati litapinda kama mdomo wa debe. Stabu yangu imeshuka ndani ya sanduku la bampa: inapita kwenye tundu la bati la juu na la bati la chini, na imechomelewa kote kuwili. Kati yake na pleti ya chasisi kuna mbavu mbili za milimita 6. Chuma chake kina kaboni nyingi kuliko bati, na chuma cha namna hiyo ukikichomelea kikiwa baridi kisha kikapoa ghafla, pembeni mwa mshono panakuwa pagumu na pa kuvunjika. Nilikipasha moto kwanza, nikachomelea, nikakifunika kipoe taratibu. Kabla ya hapo nilichomelea vipande vya majaribio, nikavibana kwenye jiliwa na kuvipiga nyundo mpaka vikunjike. Vitatu vya kwanza vilikatika kwenye mshono. Nilifurahi vilikatikia pale.

Kusimamisha stabu wima kulikuwa kazi ya saa nzima ya pima maji. Gari liwe mahali tambarare, tairi zote ziwe na upepo sawa, pima maji upande huu, pima maji upande ule. Stabu ikiinama nyuzi moja au mbili tu, mkono utakuwa na mahali unapopapenda: utafunguka wenyewe au utajifunga wenyewe, na kilo 62 zinazojifunga zenyewe hazijali mkono wako uko wapi. Hata baada ya kuisawazisha, kumbuka gari halisimami mahali tambarare kila siku. Kwa hiyo kwenye pleti ya bawaba nilitoboa matundu mawili, moja la nyuzi 90 na lingine la 120, na pini ya springi inadondokea humo mkono ukifika. Wengi huweka gesi ya kusukuma mlango wakaridhika. Gesi inasaidia kusukuma, mteremkoni haizuii.

Upande wa bawaba nilichagua ule ulio mbali na magari yanayopita, ili mkono ukiwa wazi usitokeze barabarani. Nilipomaliza ndipo nikagundua kwamba kwa sababu hiyohiyo komeo liko upande wa magari, na mimi ndiye ninayesimama huko nikilifungua. Sijui kama ningechagua tofauti.

Komeo lina hadithi yake. Mkono uliofungwa haupaswi kuning'inia kwenye bawaba hata kidogo. Ncha yake ya pili lazima ikae juu ya kitu. Nilichomelea ngazi ndogo yenye mshazari juu ya bampa, nikafunga juu yake kipande cha nailoni ngumu, na mkono ukija unapanda mshazari huo milimita 3 kabla ya kufika mwisho. Milimita 3 hizo ndizo zinazoiondolea bawaba mzigo safari nzima. Halafu komeo la kuvuta, lile linalopita katikati na kujifunga lenyewe kwa mvutano wake, linaushusha mkono juu ya nailoni na kuukandamiza. Juu, nyuma ya tairi, kuna vipande viwili vya mpira vinavyogusa fremu ya mlango kwa nguvu kidogo. Bawaba, nailoni, mpira: pointi tatu, kama mafiga. Mkono wa kwanza ulikuwa na bawaba na komeo tu, bila ngazi, na tairi lilikuwa linatikisa kichwa kama mtu anayesinzia kwenye basi.

Kuhusu kuchomelea nitasema mawili ambayo yangenifaa mapema. La kwanza, mshono ukipoa unavuta. Ukimaliza upande mmoja wa bampa lenye urefu wa mita 1.7 kabla ya kugusa mwingine, utapata upinde. Shikiza kwa nukta kote kwanza, lifunge kwenye kitu kizito, kisha ruka: sentimita 4 hapa, sentimita 4 mbali, rudi katikati. La pili, ukichomelea karibu na beringi, toa beringi. Umeme wa kuchomelea unatafuta njia ya kurudi kwenye klampu ya ethi, na ukipitia kwenye rola utaacha vijishimo vya moto juu yake. Beringi mpya inakuwa chakavu kabla haijazunguka. Kazi kubwa niliifanya bampa likiwa chini, mbali na tangi la mafuta, na kwa zile nukta chache nilizoweka garini niliondoa waya za betri. Na usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini halafu ukachomelea. Mwanga na joto la cheche huigeuza kuwa fosjini, gesi iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Taa, namba ya gari na taa ya namba nilizihamishia pembeni mwa mkono, na waya wake una mkunjo wa ziada kwenye bawaba ili usikatike. Taa ya tatu ya breki ilizibwa na tairi, nikainunulia mwenzake nikaifunga juu ya rimu. Rangi: praima ya zinki, kisha rangi ya kawaida ya kopo. Ile ya unga inayookwa inapendeza zaidi, ila jiwe likiidonoa, maji hupita chini yake kimyakimya na unaletewa habari ikiwa imebanduka kipande kizima. Muhimu zaidi ni matundu ya kutolea maji chini ya sanduku. Niliyasahau mawili, baada ya kuvuka mto wa kwanza, bampa lilidondosha maji siku tatu.

Uzito wa yote, bampa kilo 58, mkono 18, tairi 44, ni kilo 120. Zimekaa mita 1.2 hivi nyuma ya ekseli, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana milimita 2,850, kwa hiyo ekseli ya nyuma inaonja kilo 170 na ya mbele imepunguziwa 50. Usukani ulikuwa mwepesi kwa namna ambayo sikuipenda, na taa zilimulika matawi ya miti. Springi za nyuma zikabadilishwa. Bei ya springi haikuwa kwenye daftari langu la mradi, wala kwenye mazungumzo yangu na mke wangu.

Mkono wa pili umemaliza mwaka sasa. Nilichora mstari mwembamba kwa kalamu ya rangi kwenye nati ya stabu na kwenye washa yake, ili nione ikisogea. Haijasogea. Mkono ukiwa wazi, ncha yake iko milimita 2 chini kuliko ninavyotarajia, na najua zinakotoka: bati la juu la bampa linapinda kidogo kuzunguka stabu, kwa sababu ubavu mmoja niliukata mfupi nikijua ni mfupi, ilikuwa jioni na nilitaka kumaliza. Kipande cha kuuongezea nimeshakikata. Kiko juu ya meza, kina kutu kidogo.